Kidole mlangoni mwa kiwanda: ni nani hasa anayelindwa dhidi ya wizi wa utambulisho?

Tarehe 10 Juni 2025 maafisa wa uhamiaji wa Marekani waliingia katika kiwanda cha nyama cha Glenn Valley Foods mjini Omaha, jimbo la Nebraska, wakawakamata wafanyakazi wapatao 76. Mwenye kiwanda alistaajabu. Kampuni yake, alieleza, ilikuwa ikifuata utaratibu uleule ambao serikali yenyewe inawahimiza waajiri waufuate: taarifa za kila anayeajiriwa zilipelekwa kwenye mfumo wa E-Verify, na mfumo ukajibu kwamba mtu huyo anaruhusiwa kufanya kazi nchini. Mamlaka za shirikisho zilikuwa na maelezo mengine. Zilidai kwamba wengi wa waliokamatwa walikuwa wakitumia majina na nambari za watu wengine walio hai, na kwamba waathirika wa wizi huo walizidi 100.

Kauli hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zote mbili zinaweza kuwa kweli. Mfumo uliulizwa kama jina fulani na nambari fulani vinapatana, na ukajibu kuwa vinapatana. Haukuulizwa kama mtu aliyesimama mbele ya meza ya ajira ndiye mwenye jina hilo, na hata ungeulizwa, haukuwa na njia ya uhakika ya kulijua.

Pengo hilo kati ya karatasi na mwili ndilo ambalo watengenezaji wa mashine za kusoma alama za vidole, nyuso na mboni za macho wanasema wanaweza kuliziba. Hoja yao inavutia: karatasi huibwa na nambari hununuliwa, ila kidole hakiachani na mwenyewe. Katika eneo letu la Maziwa Makuu, ambako majina ya wafanyakazi hewa yamezitafuna hazina za serikali kwa miaka mingi, hoja hiyo imepata wasikilizaji wengi serikalini na miongoni mwa waajiri. Hata hivyo, inafaa kuitazama taratibu, kwa sababu swali ambalo mashine hizo hujibu ni dogo kuliko linavyodhaniwa.

Tarakimu tisa zisizo na sura

Ili kuelewa yaliyotokea Omaha ni lazima kurudi nyuma kidogo. Marekani haina kitambulisho cha taifa. Kinachotumika badala yake ni nambari ya hifadhi ya jamii, yenye tarakimu tisa, iliyoanza kutolewa mwaka 1936 kwa ajili ya kuhesabu michango ya pensheni. Kadi yake haina picha wala alama ya kidole. Tangu sheria ya mwaka 1986, mwajiri analazimika kukagua hati za kila anayemwajiri, lakini sheria hiyohiyo inamkataza kuzikataa hati zinazoonekana kuwa halali au kumdai mtu hati za ziada kwa sababu tu anazungumza kama mgeni. Mwajiri amewekwa katikati: akilegeza anashitakiwa, na akikaza kupita kiasi anashitakiwa pia.

Mfumo wa kukagua kwa kompyuta, ambao leo unaitwa E-Verify, ulianza mwaka 1997 kwa jina jingine ukiwa jaribio. Miongoni mwa kampuni za mwanzo kujiunga ilikuwa Swift & Company, mojawapo ya kampuni kubwa za nyama nchini humo. Miaka tisa baadaye, tarehe 12 Desemba 2006, maafisa wa uhamiaji walivamia viwanda sita vya Swift kwa siku moja na kuwakamata wafanyakazi wapatao 1,300. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile itakayosikika tena Omaha: wizi wa utambulisho. Na utetezi wa kampuni ulikuwa uleule: tuliwakagua wote, mfumo wenu ukawapitisha.

Mwaka 2009 tathmini iliyofanywa na taasisi ya Westat kwa niaba ya serikali ya Marekani ilikadiria kwamba asilimia 54 ya wafanyakazi wasio na ruhusa waliopitishwa katika mfumo huo walijibiwa kuwa wanaruhusiwa. Kukisia kungeweza kufanya kazi karibu sawa na mfumo.

Hapa pana jambo ambalo mjadala wa siku hizi hulipita haraka. Kabla ya ukaguzi wa kompyuta, mtu aliyetaka kazi bila ruhusa aliweza kubuni nambari yoyote. Mfumo ulipojifunza kuzitambua nambari za kubuni, soko la hati bandia lilihamia kwenye nambari za kweli za watu wa kweli. Kwa maneno mengine, ukaguzi uliokusudiwa kuzuia udanganyifu uliupandisha thamani utambulisho wa raia asiyejua lolote. Anayeishi Texas anaandikiwa na mamlaka ya kodi aeleze mapato aliyoyapata katika machinjio ya Iowa ambako hajawahi kukanyaga. Mlemavu anasitishiwa posho kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha kuwa anafanya kazi zamu za usiku. Wizi huu si wa kinadharia. Una watu wanaoishi nao kwa miaka.

Upande wa pili nao una watu. Mara nyingi anayetumia nambari ya wizi ni kibarua aliyeinunua bila kujua kama ni ya mtu aliye hai, ya marehemu, au ya kubuni. Katika uvamizi wa kiwanda cha Agriprocessors huko Postville, Iowa, Mei 2008, watu 389 walikamatwa, na wengi wao walikiri makosa madogo baada ya kuonywa kwamba wangeshitakiwa kwa wizi wa utambulisho wa daraja zito, wenye kifungo cha lazima cha miaka miwili. Mwaka mmoja baadaye, katika kesi ya mfanyakazi wa kiwanda cha chuma jimboni Illinois, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kosa hilo linahitaji kuthibitishwa kuwa mshitakiwa alijua nambari ni ya mtu mwingine. Kwa waliokwisha kufungwa Postville, uamuzi huo ulichelewa.

Habari hizi zina uhusiano na eneo letu kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Baada ya msako wa mwaka 2006, viwanda vya nyama vilihitaji mikono yenye hati zisizo na shaka, na wakimbizi waliopokewa kisheria walikuwa nazo. Wasomali ndio waliotangulia kuingia kwa wingi katika viwanda vya Greeley, Colorado, na Grand Island, Nebraska. Wakongomani na Warundi walifuata katika majimbo mbalimbali, na kwa miaka kadhaa ya muongo uliopita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyokuwa nchi inayoongoza kwa idadi ya wakimbizi wanaopewa makazi Marekani. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika katika vyumba vya kukatia nyama vya majimbo ya kati. Na wengi wa watu hao wamewahi kuweka vidole vyao juu ya mashine muda mrefu kabla ya kuajiriwa: katika kambi na makazi ya wakimbizi ya Uganda, Kenya na Tanzania.

Mashine inajibu swali gani?

Utambuzi kwa alama za mwili huanza na siku ya kuandikishwa. Mashine husoma mistari ya kidole, hutafuta mahali inapokomea na mahali inapogawanyika, kisha huhifadhi ramani ya nukta hizo kama mfululizo wa tarakimu, ambao wataalamu huuita kiolezo. Kila asubuhi mfanyakazi anapobonyeza kidole, ramani mpya hulinganishwa na ile ya kwanza. Zikikaribiana kwa kiwango kilichowekwa, lango hufunguka.

Kwa hiyo mashine hulijibu swali moja: je, mwili huu ndio uleule ulioandikishwa hapa siku ile? Hailijibu swali jingine, ambalo ndilo kiini cha wizi wa utambulisho: je, siku ile aliyeandikishwa alikuwa nani? Mtu aliyekuja siku ya kwanza na hati za mwenzake ataandikishwa kwa jina la mwenzake, na kuanzia hapo mashine itamtolea ushahidi kila asubuhi kwamba yeye ndiye. Mwenye jina halali akitokea kesho yake, yeye ndiye atakayekataliwa.

Tusiidharau kazi ambayo mashine huifanya vizuri. Inazuia wafanyakazi kusainiana mahudhurio. Inazuia mnyapara kuingiza jina la ndugu yake ambaye hajawahi kufika kazini. Inamzuia mtu kupokea ujira wa mwingine dirishani. Hata hapa, lakini, hila haikukosekana: mwaka 2013 daktari mmoja wa mji wa Ferraz de Vasconcelos, karibu na São Paulo nchini Brazil, alikutwa na vidole sita vya silikoni alivyokuwa akivitumia kuwaandikia mahudhurio wenzake wasiokuwepo. Mashine nyingi za leo hupima pia kama kidole kina uhai, lakini kipimo hicho huongeza gharama, na mwajiri anayebana matumizi anaweza kuamua kukiacha.

Alama za mwili zina nguvu zaidi pale zinapolinganishwa na orodha nzima badala ya kumbukumbu ya mtu mmoja tu. Uganda ilitoa mfano mzuri mwaka 2018. Baada ya tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imetiwa chumvi ili kuvuna misaada, serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, waliwahakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Kumbukumbu zilikuwa zikionyesha takriban watu milioni 1.4, waliohakikiwa hadi mwishoni mwa zoezi walikuwa kiasi cha milioni 1.1. Mtu hawezi kuandikishwa mara mbili kwa majina mawili ikiwa kidole chake kinatafutwa katika orodha nzima. Kiwanda kimoja, hata kiwe kikubwa namna gani, hakina orodha ya namna hiyo. Kina orodha ya wafanyakazi wake tu.

Linganisha na Tanzania. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na vyeti 1,538 vilikutwa vikitumiwa na watumishi 3,076, yaani cheti kimoja kwa watu wawili. Huu ulikuwa wizi wa utambulisho katika sura yake halisi ya nchi zetu: mdogo anasoma kwa jina la kaka, mtu anaajiriwa kwa cheti cha jirani. Uliofichuliwa na nini? Baraza la Mitihani la Tanzania lilikaa chini na kulinganisha vyeti na kumbukumbu zake lenyewe. Mashine ya kidole iliyowekwa mlangoni mwa ofisi za watumishi hao isingemgundua hata mmoja, maana wote walikuwa wakifika kazini kwa miili yao wenyewe.

Vidole vya kazi

Kuna ugumu mwingine ambao wauzaji huutaja kwa sauti ya chini. Mashine za alama za vidole hufanya kazi vizuri zaidi kwa watu wa ofisini. Saruji na chokaa hulainisha ngozi hadi mistari ififie. Visu, makali ya majani ya miwa na mpini wa jembe huacha makovu. Katika vyumba vya baridi vya machinjio mikono hulowa na kukakamaa, na uzee humaliza kilichobaki. Nchini Uganda utafiti uliotolewa mwaka 2021 na mashirika ya haki za binadamu ulieleza jinsi wazee walivyokosa posho na matibabu kwa sababu, miongoni mwa mengine, mashine hazikuvitambua vidole vyao. Walikuwa wakulima.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Kiwanda chenye watu 1,000, kila mmoja akibonyeza mara nne kwa siku, yaani kuingia, kutoka kwa chakula, kurudi na kuondoka, hufanya ulinganisho 4,000. Mashine ikikosea mara moja tu katika kila 100, watu halali watakataliwa mara 40 kila siku, na hawatakuwa watu tofauti kila siku. Watakuwa walewale wenye mikono iliyochakaa. Fundi akilegeza kiwango ili kuwaokoa, anaongeza uwezekano wa mtu mwingine kukubaliwa kwa jina lisilo lake. Makosa hayo mawili yamefungwa kwenye kamba moja: ukivuta upande huu, ule mwingine unapanda.

Kinachotokea kiwandani ni kwamba msimamizi wa zamu anapewa uwezo wa kumwandika kwa mkono aliyekataliwa na mashine. Ni lazima apewe. Vinginevyo kazi itasimama. Lakini kitufe hicho ndicho mlango wa zamani uliokuwa ukitumiwa na wafanyakazi hewa. Mkaguzi mwenye busara ataacha kuhesabu vidole vilivyokubaliwa na kuomba orodha ya walioandikwa kwa mkono, na nani aliyewaandika.

Wengine wamehamia kwenye utambuzi wa uso. Utakuwa umeepuka tatizo la ngozi ya mikono, na kuingia katika jingine. Desemba 2019 taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha uchunguzi wa programu nyingi za utambuzi wa nyuso na kuonyesha kwamba katika baadhi yake, kosa la kumdhania mtu kuwa mwingine lilikuwa kati ya mara 10 na mara 100 zaidi kwa nyuso za watu wa asili ya Afrika na Asia ya Mashariki kuliko kwa Wazungu. Zipo programu zilizofanya vizuri, na teknolojia imeendelea tangu wakati huo. Hata hivyo anayenunua mashine kwa ajili ya kiwanda cha Jinja au Bujumbura anapaswa kuuliza ilijaribiwa kwa nyuso za akina nani.

Kisichoweza kubadilishwa

Nambari ya siri ikiibwa, hubadilishwa. Kadi ikiibwa, hufungwa na nyingine kutolewa. Kidole hakibadilishwi. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameiba kumbukumbu za watu milioni 21.5 kutoka idara yake ya utumishi. Ndani yake zilikuwemo alama za vidole za watu milioni 5.6. Waajiriwa hao wataishi na hasara hiyo hadi mwisho wa maisha yao.

Kilichofichuliwa Agosti 2019 kinahusu sehemu za kazi moja kwa moja. Watafiti wa usalama wa mitandao waliripoti kwamba waliikuta kanzidata ya BioStar 2, mfumo wa kufungulia milango ya maofisi, maghala na viwanda uliotengenezwa na kampuni ya Suprema ya Korea Kusini, ikiwa wazi kwenye intaneti. Walisema ilikuwa na kumbukumbu zaidi ya milioni 27, zikiwemo alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja, ambazo zilihifadhiwa kwa namna inayoweza kunakiliwa. Kampuni ilisema kuwa ukubwa wa tatizo ulikuwa mdogo kuliko ulivyoelezwa. Iwe vyovyote, kifaa kilichonunuliwa kuzuia wizi wa utambulisho kilikuwa kimekusanya mahali pamoja kila kitu ambacho mwizi wa utambulisho angekitaka.

Ipo njia nyingine, na si ngeni. Kiolezo kinaweza kuhifadhiwa katika chipu ya kadi anayoibeba mfanyakazi mwenyewe. Mlangoni, kidole hulinganishwa na kadi, mashine husema ndiyo au hapana, na hakuna kinachobaki kwa mwajiri. Kadi ikiibwa, mwizi hana kidole. Mwajiri akidukuliwa, hana vidole vya kuibiwa. Sababu ya njia hii kutopendwa sana ni ya kawaida kabisa: kadi hupotea, hugharimu fedha, na mwajiri aliyezoea kuwa na orodha yote kwenye kompyuta yake hapendi kuiachia.

Illinois ilivyolipa bei

Jimbo moja la Marekani lilijaribu kuliweka suala hili katika sheria mapema. Mwaka 2008 Illinois ilipitisha sheria inayomtaka anayekusanya alama za mwili kumweleza mwenyewe kwa maandishi, kupata ridhaa yake ya maandishi, kutoziuza, na kuziharibu pale lengo linapokwisha au ndani ya miaka mitatu tangu uhusiano wao ulipokoma, lolote litakalotangulia. Aliyekiuka kwa uzembe hulipa dola 1,000, na aliyekiuka kwa makusudi dola 5,000. La muhimu zaidi, sheria ilimruhusu mtu binafsi kwenda mahakamani bila kusubiri serikali imtetee.

Kwa miaka mingi waajiri waliichukulia kama karatasi tu. Kisha kesi zikaanza. Mwezi Oktoba 2022 jopo la mahakama mjini Chicago lilikuta kwamba kampuni ya reli ya BNSF ilikuwa imekiuka sheria hiyo mara 45,600 kwa kuwachukua madereva wa malori alama za vidole kwenye malango ya vituo vyake vya mizigo. Hukumu ilikuwa dola milioni 228. BNSF ilijitetea kwamba malango yaliendeshwa na mkandarasi. Utetezi huo haukufua dafu. Baadaye pande mbili zilisuluhishana kwa dola milioni 75. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua katika kesi ya kampuni ya vyakula ya White Castle kwamba kila mara mfanyakazi anapobonyeza kidole bila ridhaa halali ni kosa jipya. Kampuni hiyo ilikuwa imekadiria kwamba kwa hesabu hiyo ingeweza kudaiwa zaidi ya dola bilioni 17 na wafanyakazi wapatao 9,500. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipunguza makali: sasa mtu mmoja ni kosa moja.

Waajiri wanalalamika kwamba mawakili ndio walioneemeka, na kwa kiasi fulani wana haki ya kulalamika. Hata hivyo ni vigumu kuona ni nini kingine kilichowafanya mamia ya kampuni kuanza kuwaeleza vibarua wao kinachofanyika na vidole vyao. Uingereza ilitumia njia tofauti: Februari 2024 mamlaka ya ulinzi wa taarifa iliiamuru Serco Leisure kuacha kutumia nyuso na vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000 katika vituo 38, kwa hoja kwamba kadi za kawaida zingetosha na kwamba wafanyakazi hawakupewa nafasi ya kukataa.

Maziwa Makuu: lango bila daftari

Nchi zetu nazo zimetunga sheria. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 imeziweka alama za mwili katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee, kama ilivyofanya Kenya mwaka 2019. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019, inapoorodhesha taarifa za kundi hilo maalumu, inataja imani ya dini, maoni ya kisiasa, maisha ya kimapenzi, fedha na afya. Alama za mwili hazimo katika orodha hiyo. Ni upungufu wa kushangaza kwa nchi ambayo imewachukua vidole mamilioni ya raia wake tangu mwaka 2014, na ambayo Mei 2025 ilianza kampeni nyingine ya kuandikisha na kuhuisha vitambulisho.

Uganda na Rwanda, lakini, zina kitu ambacho Marekani haina: daftari la taifa lenye jina, picha na kidole cha mtu. Kiwanda katika nchi hizo hakihitaji kujenga hazina yake ya vidole. Kinachohitaji ni kuuliza mara moja, siku ya kuajiri, kama kidole hiki na nambari hii vinalingana katika daftari la taifa, na kupokea jibu la ndiyo au hapana. Hapo ndipo wizi wa utambulisho unapozuilika, kwa sababu swali linaelekezwa mahali penye jibu. Baada ya siku hiyo, kadi ya kawaida ya kiwandani inaweza kufanya kazi iliyobaki, na vidole vikabaki serikalini, ambako navyo vinahitaji ulinzi, lakini angalau ni mahali pamoja panapojulikana.

Kongo iko katika hali ngumu zaidi. Sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi raia hawajapata kitambulisho cha taifa, na kadi ya mpiga kura ndiyo inayoonyeshwa benki, barabarani na kazini. Mkataba mkubwa wa kutengeneza vitambulisho, wenye thamani ya dola bilioni 1.2, ulisherehekewa mwaka 2023 na kuvunjwa mwaka 2024. Katika mwaka huohuo wa 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitangaza kwamba kwenye orodha ya mishahara ya serikali watu zaidi ya 53,000 walikuwa wakichangia nambari za utumishi na wengine. Kanuni za kidijitali zilizotiwa saini Machi mwaka huo ziliweka msingi wa ulinzi wa taarifa binafsi, ila msingi si nyumba.

Katika mazingira hayo, mwajiri wa Lubumbashi au Kolwezi anayetaka kujua nani anaingia mgodini ana sababu nzuri ya kununua mashine yake mwenyewe. Eneo la mgodi lina baruti, tindikali na mitambo mizito. Ajali ikitokea, ni lazima ijulikane nani alikuwa chini na familia ipi ya kuarifiwa. Aliyeingia kwa kadi ya mwenzake akifa, anakufa kwa jina la mwenzake, na mjane wake atatumia miaka kudai fidia kwa mtu ambaye makaratasi yanasema hakuwahi kuajiriwa. Hilo peke yake linatosha kuihalalisha mashine mlangoni.

Tatizo ni nani anayeishika. Ripoti ya mwaka 2021 ya shirika la RAID kuhusu migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti nchini Kongo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia wakandarasi, kwa mikataba mifupi na ujira mdogo kuliko walioajiriwa moja kwa moja na migodi. Mtu wa namna hiyo hubadilisha mwajiri bila kubadilisha mgodi. Mkataba wa wakala ukiisha, wakala mwingine huchukua nafasi na watu huandikishwa upya. Kampuni za migodi, zenye mawakili na bajeti ya usalama wa kompyuta, zinaweza kuyamiliki malango yao na kuandika katika kila mkataba wa wakandarasi ni siku ngapi baada ya mkataba kuisha vidole vitafutwa, na nani atathibitisha. Hukumu ya BNSF imekwisha kuonyesha kwamba kumsingizia mkandarasi si lazima kumwokoe mwenye lango. Bila kifungu hicho, kibarua anaondoka na barua ya kumaliza mkataba mkononi, na kiolezo cha kidole chake kinabaki ndani ya kompyuta ya kampuni ambayo mwakani huenda isiwepo.